Veni ya tairi za mbele: kwa nini anayeisifu na anayeilaumu wote wana haki

Veni ileile, kilima kilekile chenye changarawe. Asubuhi, ikiwa imejaa mzigo, tairi za mbele zinazunguka bure, zinarusha mawe, na gari halisogei. Jioni, ikiwa tupu, inapanda bila kusita. Aliyeiendesha asubuhi atakwambia veni inayovutwa na tairi za mbele haifai kwa kazi. Aliyeiendesha jioni atakwambia hajaona gari linaloshika barabara vizuri hivyo. Wote wamesema walichokiona. Tatizo linaanza pale kila mmoja anapokifanya alichokiona kuwa kanuni ya kununulia gari. Gari la kusambaza mizigo hubadilika uzito kutwa nzima, kituo hadi kituo, na kila uzito unapobadilika, hukumu kuhusu tairi za mbele na za nyuma nayo inabadilika.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa kazi ya vifurushi, yenye vituo vingi kwa siku na barabara nyingi za lami, ningechukua veni ya tairi za mbele bila kufikiri mara mbili, na sababu yangu kubwa ni sakafu yake kabla ya kitu kingine chochote. Kwa saruji, vigae, maji ya chupa na mizigo mingine mizito inayopelekwa kwenye vilima visivyo na lami, ningechukua ya tairi za nyuma. Wengi wako katikati ya hawa wawili, na ni kwa ajili yao naandika.

Kilicho chini ya sakafu

Katika veni ya kawaida ya tairi za nyuma, injini iko mbele na kazi inafanyika nyuma. Nguvu hutoka kwenye giaboksi, inapita kwenye propela shafti ndefu chini ya sakafu, inaingia kwenye difu, yaani kisanduku cha gia kilicho kwenye ekseli ya nyuma, ndipo inageuzwa kwenda kwenye magurudumu. Propela inahitaji nafasi ya kuzunguka. Difu linahitaji nafasi ya kupanda na kushuka pamoja na ekseli gari linaporuka mashimo. Kwa hiyo sakafu lazima ikae juu ya vyote hivyo.

Katika veni ya tairi za mbele, injini na giaboksi vimefungwa pamoja, mara nyingi kwa kukingama upande hadi upande, na shafti mbili fupi zinatoka moja kwa moja kwenda kwenye magurudumu ya mbele. Nyuma ya kiti cha dereva hakuna chochote cha kuzunguka isipokuwa magurudumu yenyewe. Ekseli ya nyuma ni chuma kinachobeba tu. Sakafu inaweza kushushwa.

Wafaransa waliliona hilo mapema. Citroën ilipoonyesha veni yake ya Type H mjini Paris mwaka 1947, iliijenga kwa injini na giaboksi za gari dogo la Traction Avant, zikavuta magurudumu ya mbele, na nyuma ikabaki sakafu bapa, ya chini, ambayo mtu mzima angeweza kusimama juu yake bila kuinama. Gari lile lenye bodi ya bati la mikunjo liliendelea kutengenezwa hadi 1981. Mwaka huohuo wa 1981 Fiat, kwa ushirikiano na Peugeot na Citroën, ilitoa Ducato, na kutoka kiwanda cha Atessa nchini Italia mfumo huo ukasambaa Ulaya nzima kwa majina tofauti. Kuanzia 2013 gari hilohilo linauzwa Amerika Kaskazini kama Ram ProMaster.

Twende kwenye sentimita, kwa sababu hapo ndipo dereva anapolipwa au kuumizwa. Sakafu ya ProMaster iko takriban sentimita 53 kutoka ardhini. Veni nyingi za ukubwa huo zenye kusukumwa na tairi za nyuma ziko kwenye sentimita 70 au zaidi. Tofauti ya sentimita 17 inaonekana ndogo ukiipima mara moja. Lakini dereva wa vifurushi anayepanda nyuma mara 150 kwa siku anaongeza mita 25 za kupanda, yaani ghorofa nane hivi, tena akiwa na mzigo mikononi. Na kila alipopanda lazima ashuke, na kushuka ndiko kunakoumiza magoti na vifundo vya miguu. Bampa lenye ngazi linasaidia kuigawa hatua moja ndefu kuwa mbili fupi. Kimo cha kupanda kinabaki kilekile.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mabishano mengi kuhusu veni hufanywa na watu wanaofikiria gari likiwa linatembea. Gari la kusambaza hutumia sehemu kubwa ya siku likiwa limesimama, mtu akipanda na kushuka. Anayenunua gari kwa ajili ya dereva wake afikirie mgongo wa dereva huyo baada ya miaka mitano.

Sakafu ikishuka, paa nalo linaweza kushuka bila kupunguza nafasi ya ndani, na gari linapita kwenye maegesho ya chini ya majengo ambayo lingine linakwama mlangoni. Mzigo unakaa chini zaidi, hivyo gari haliyumbi sana kwenye kona wala kwenye upepo wa pembeni. Na kwa kuwa hakuna propela wala difu, mtengenezaji wa bodi anaweza kukata gari nyuma ya kibini na kufunga chesisi nyingine ya chini kabisa. Kampuni ya AL-KO ya Ujerumani inajulikana kwa kazi hiyo, na ndiyo maana magari mengi ya kulala safarini na masanduku makubwa ya kuhamishia samani hujengwa juu ya veni za tairi za mbele.

Uzito uko wapi?

Sasa tuingie kwenye lawama kubwa: kwamba veni hizi hazina nguvu kwenye kilima. Nguvu ya injini haihusiki. Injini moja inaweza kufungwa kwenye mifumo yote miwili. Ford Transit ya mwaka 2000 iliuzwa kwa bodi moja ikiwa na chaguo la tairi za mbele au za nyuma. Kinachohusika ni mshiko, na mshiko unatokana hasa na vitu viwili: hali ya barabara na uzito unaoikandamiza tairi inayofanya kazi.

Tuchukue veni ya mfano, yenye namba rahisi za kuhesabika. Ina uzito wa kilo 2,000 ikiwa tupu, umbali kati ya ekseli mbili ni mita 4, na asilimia 60 ya uzito iko mbele, yaani kilo 1,200 mbele na 800 nyuma. Ikiwa tupu hivyo, tairi za mbele zina uzito mwingi wa kuzikandamiza. Za nyuma zina kidogo. Kwenye lami yenye maji au nyasi mbichi, veni tupu ya tairi za mbele inaondoka, na ya tairi za nyuma inaanza kuteleza makalio.

Weka tani moja juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Mbele panabaki na kilo 1,200, hapakuongezeka kitu, lakini sasa hizo 1,200 zinatakiwa zivute kilo 3,000. Kutoka asilimia 60 tumeshuka hadi 40. Sogeza tani hiyo nyuma zaidi, sentimita 80 nyuma ya ekseli, karibu na mlango, na mzigo unaanza kuinua pua ya gari: mbele panapoteza kilo 200, zinabaki 1,000 kati ya 3,000. Theluthi moja tu ya uzito ndiyo inayofanya kazi ya kuvuta.

Kisha kilima. Gari linapopanda, sehemu ya uzito wake inaegemea nyuma. Kwa mwinuko wa asilimia 20 na kitovu cha uzito kilicho sentimita 90 juu ya ardhi, veni yetu ya kilo 3,000 inahamisha takriban kilo 130 kutoka mbele kwenda nyuma. Nguvu inayohitajika kuisukuma juu ni sawa na kilo 590 hivi. Ukigawa nguvu hiyo kwa uzito uliobaki juu ya tairi zinazofanya kazi, unapata kiwango cha mshiko ambacho barabara inatakiwa itoe. Lami kavu inatoa karibu 0.8. Lami iliyolowa na changarawe ngumu ziko karibu na 0.5. Tope linaweza kushuka hadi 0.3 na chini ya hapo.

Mzigo ukiwa juu ya ekseli ya nyuma, veni ya tairi za mbele inadai 0.56. Kwenye lami kavu itapanda bila shida. Kwenye changarawe itazunguka bure, na hapo ndipo yule dereva wa asubuhi alipotoa hukumu yake. Veni ya tairi za nyuma yenye mzigo uleule inadai 0.31 tu, kwa hiyo inapanda huku ikiwa na akiba. Sasa zitoe mzigo zote mbili na uzirudishe kilimani. Ya mbele inadai 0.36, ya nyuma inadai 0.45. Mpangilio umepinduka. Hata kwenye kilima kikali kiasi hicho, veni tupu ya tairi za mbele inaishinda ya nyuma.

Ukilishika hilo, maoni mengi yanayogongana kuhusu magari haya yanaacha kugongana. Anayesema ya mbele ni bora kwenye theluji mara nyingi anaendesha ikiwa nyepesi. Anayesema haifai kwa ujenzi anabeba tani nzima, tena nyuma kabisa. Vifurushi kwa kawaida hujaza nafasi kabla ya kufikia kikomo cha uzito. Ukifungua mlango unaona sanduku limejaa hadi darini, na bado mzani ungekuonyesha gari lina nafasi ya mamia ya kilo. Saruji hufanya kinyume: inafikia kikomo cha uzito sanduku likiwa bado karibu tupu.

Mpangilio wa mzigo unazidi jina la mfumo

Turudi kwenye mfano, tuibadilishe sehemu moja tu. Tani ileile, badala ya kukaa juu ya ekseli ya nyuma, isogezwe mita moja mbele. Mbele panapata kilo 250 zaidi. Kwenye kilima kilekile veni ya tairi za mbele sasa inadai takriban 0.46 badala ya 0.56. Hakuna aliyenunua tairi mpya wala kubadilisha gari. Mtu amepanga mzigo kwa dakika chache zaidi, na kilima kilichoshindikana kimepandika.

Kwa hiyo kizito kikae mbele, kimeegemea ukuta ulio nyuma ya dereva, na chepesi kielekee mlangoni. Kuegemeza mzigo ukutani kuna faida nyingine: dereva akifunga breki ghafla, mzigo haupati nafasi ya kukimbia na kumjia mgongoni. Lakini yapo mapungufu mawili ambayo wanaotoa ushauri huu huyaruka.

La kwanza ni kikomo cha ekseli. Kila veni ina kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, kinachotaja uzito wa juu wa gari zima na wa kila ekseli peke yake. Ekseli ya mbele ya gari la tairi za mbele tayari imebeba injini, giaboksi, dereva na msaidizi wake. Ukirundika vyuma vyote ukutani unaweza kuivunja sheria mbele huku nyuma kukiwa na nafasi, na uzito wa gari zima ukiwa halali kabisa.

La pili ni ratiba. Mzigo wa vituo vingi hupangwa kinyume cha safari: cha kwanza kushushwa ndicho cha mwisho kupakiwa, kwa hiyo kinakaa mlangoni. Kwa anayeshusha kupitia milango ya nyuma, hilo ni jema kwa mshiko, kwa kuwa uzito ulio nyuma ya ekseli ndio unaoondoka kwanza, na kadiri siku inavyokwenda, kilichobaki kiko mbele. Anayetumia mlango wa pembeni anapata kinyume. Mlango huo uko karibu na dereva, unafungukia upande wa watembea kwa miguu, ni salama na una haraka, lakini unamaliza mzigo wa mbele na kuuacha wa nyuma. Mchana pua ya gari inakuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa asubuhi. Dawa yake ni kusimama mara moja katikati ya siku na kusukuma kilichobaki kwenda mbele. Madereva wengi wazoefu hufanya hivyo bila kuambiwa.

Mikononi mwa dereva

Kwenye kona yenye maji, veni ya tairi za mbele ikizidiwa, pua yake inaelekea nje: unakata usukani, gari linataka kwenda mbele. Ukiachia mafuta, mara nyingi inarudi kwenye njia. Veni tupu ya tairi za nyuma ikizidiwa inatoa makalio, na kuirudisha kunahitaji usukani wa haraka na moyo mtulivu. Kwa mtu mwenye madereva wengi, wengine wageni kazini, hili lina uzito. Ni kweli kwamba mifumo ya elektroniki ya kuzuia gari kuteleza imeipunguza tofauti hiyo sana. Katika Umoja wa Ulaya imekuwa lazima kwa magari yote mapya tangu Novemba 2014. Hata hivyo, veni nyingi zinazofanya kazi duniani ni za zamani kuliko hapo.

Mifumo hiyo ina kazi nyingine kwenye veni za tairi za mbele. Tairi moja ikianza kuzunguka bure kwenye tope, kompyuta inaifunga breki tairi hiyo peke yake na nguvu inahamia kwenye tairi ya upande wa pili. Fiat inauita mfumo wake Traction+. Unafaa pale upande mmoja umeingia kwenye tope na mwingine umekanyaga ardhi ngumu. Tairi zote mbili zikiwa kwenye tope lilelile, hakuna kompyuta itakayoumba mshiko usiokuwepo.

Jambo lisilotajwa sana ni maegesho. Hendibreki kwenye veni nyingi hushika magurudumu ya nyuma. Ukiegesha veni ya tairi za mbele yenye gia za mkono, ukaiacha kwenye gia na kuvuta hendibreki, magurudumu yote manne yanashikiliwa: gia inashika mbele, hendibreki inashika nyuma. Kwenye veni ya tairi za nyuma, gia na hendibreki vyote vinategemea magurudumu yaleyale mawili. Kwa mtu anayeegesha kwenye miteremko mara mia kwa siku na kukimbia mlangoni kwa mteja, hiyo ni bima ya bure.

Na pale kilima kinaposhindikana kabisa, ipo mbinu ya zamani: geuza gari na upande kinyumenyume. Uzito unaegemea upande wa chini wa kilima, na sasa upande huo ni wa tairi za mbele. Kwenye mfano wetu, mshiko unaodaiwa unashuka kutoka 0.56 hadi 0.45. Si mbinu ya barabara yenye magari wala ya kutumia kila siku, kwa kuwa huoni vizuri nyuma na klachi inateseka. Lakini kwa mita 20 za kuingia uwanjani kwa mteja, mtu akiwa amesimama nyuma kukuongoza, inafanya kazi.

Kuhusu kugeuka, watu hudai kwamba tairi za mbele hazikati kona vizuri. Kuna ukweli: viungo vya shafti za mbele vina mwisho wa pembe vinavyoweza kukunjika huku vikiendelea kupeleka nguvu, na gari la tairi za nyuma halina kizuizi hicho. Lakini umbali kati ya ekseli unaathiri zaidi. Veni fupi ya tairi za mbele itageuka mahali ambapo ndefu ya tairi za nyuma itahitaji kwenda mbele na nyuma mara mbili. Usiamini karatasi wala mdomo wa muuzaji. Peleka gari kwenye uchochoro unaoujua.

Gereji

Tairi za mbele za gari hili zinavuta, zinapiga kona na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Zitaisha kabla ya za nyuma, na hilo haliashirii ubovu wowote. Zungusha tairi kwa ratiba, pima alaimenti, yaani unyoofu wa tairi, kila gari linapopiga shimo kubwa, na tia bajeti ya tairi, bushi na boli jointi za mbele mapema.

Kinachoua shafti za mbele ni kifuniko cha mpira kinachofunika kiungo chake. Mpira ukichanika, grisi inaruka nje na mchanga unaingia ndani, na baada ya muda kiungo kinaanza kugonga tak-tak-tak unapokata usukani hadi mwisho. Mpira ni spea ya bei ndogo, kiungo si cha bei ndogo. Dereva anayeinama kuangalia nyuma ya tairi zake za mbele mara moja kwa wiki, akitafuta grisi iliyorukia rimu, anaokoa fedha nyingi kuliko anayesubiri mlio.

Mafundi wengi huwa upande wa tairi za nyuma, na wana sababu. Injini iliyokaa kwa urefu inafikika. Kubadilisha klachi ni kushusha propela na giaboksi. Kwenye injini iliyokingama, klachi ileile inaweza kudai kutoa shafti zote mbili, kushikilia injini na kushusha sehemu ya fremu ya mbele, yaani saa nyingi zaidi za kazi. Muulize fundi wako bei ya kazi hiyo kwa modeli unayoitaka kabla hujailipia gari. Upande mwingine wa mizani, hakuna propela ya kuyumba, hakuna beringi yake ya katikati ya kupiga kelele, hakuna difu la nyuma la kuvuja mafuta. Pia nguvu haigeuzwi kona ya nyuzi 90 ndani ya difu, mahali ambapo meno husuguana na kupoteza sehemu ya nguvu kama joto.

Kilo za sheria

Katika Ulaya, leseni ya kawaida ya daraja B inaruhusu gari lenye uzito wa hadi tani 3.5 pamoja na mzigo. Kikomo hicho kimeyatengeneza magari ya dunia nzima, maana kila kilo ya chuma inayopunguzwa kwenye gari inakuwa kilo ya mzigo. Mercedes-Benz, ambayo Sprinter yake ilikuwa ya tairi za nyuma tangu 1995, iliongeza toleo la tairi za mbele mwaka 2018 na kutangaza kwamba linabeba kilo 50 zaidi na kizingiti chake cha kupakilia kiko milimita 80 chini. Kampuni hiyo haikuliacha toleo la nyuma. Renault ilifanya safari ya upande wa pili: Master, ya tairi za mbele tangu 1980, ilipata chaguo la tairi za nyuma katika kizazi cha 2010, kwa ajili ya wabebaji wazito na wale wanaotaka tairi pacha nyuma.

Watengenezaji hao wawili walianza pande tofauti wakakutana katikati. Hilo linaniambia zaidi kuliko tangazo lolote la biashara. Ukihitaji tairi pacha, tela zito au bodi ya tipa, soko lenyewe linakupeleka kwenye tairi za nyuma. Ukiwa chini ya hapo, madai kwamba ya mbele ni dhaifu hayasimami: Ducato imeuzwa hadi uzito wa jumla wa tani 4.25, na toleo lake la kawaida linavuta kwa mbele tu.

Umeme unapoingia

Mota ya umeme ni ndogo kiasi cha kukaa kwenye ekseli yoyote, na betri hulala chini ya sakafu kati ya ekseli mbili, hivyo uzito hauegemei mbele kama zamani. Ungetegemea mjadala ufe hapo. Haukufa. Ford E-Transit, iliyoanza kuuzwa 2022, ina mota nyuma. Veni ambazo Rivian ilizijenga kwa ajili ya Amazon, gari lililochorwa tangu mstari wa kwanza kwa kazi ya vifurushi, zinavutwa na tairi za mbele. Sababu mojawapo ya kuipenda mbele ni breki. Mota inapopunguza mwendo wa gari hurudisha umeme kwenye betri, na gari linapopunguza mwendo uzito huegemea mbele, kwa hiyo tairi za mbele zinaweza kurudisha umeme mwingi zaidi bila kuteleza. Kwa gari linalosimama kila mita mia mbili, hiyo si faida ya kupuuzwa. Nyuma nako kuna faida ya kupanda kilima na mzigo, ileile tuliyoihesabu.

Anayenunua kesho asubuhi aanze na mzani. Pakia gari unalotumia sasa kwa siku yako nzito ya kawaida, lipeleke kwenye mizani ya magari, upime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Fanya hivyohivyo siku nyepesi. Kisha hesabu ni mara ngapi dereva anapanda nyuma, na ni vilima vingapi visivyo na lami viko kwenye njia yake. Namba hizo chache zitakuonyesha wewe ni dereva yupi kati ya wale wa kilima cha changarawe. Ukienda kujaribu veni ya kununua, omba uijaribu na mzigo. Kama ni ya tairi za mbele na imeshatumika, kata usukani hadi mwisho kushoto, ondoka taratibu ukisikiliza, kisha rudia kulia. Pitisha macho ndani ya tairi za mbele kutafuta grisi. Kama ni ya tairi za nyuma, iendeshe kwa mwendo wa kati, ukiongeza na kuachia mafuta: mngurumo unaobadilika ni difu, mtetemo chini ya sakafu ni propela. Ukisikia chochote kati ya hivyo, kipate bei yake kwa fundi kwanza, ndipo urudi kuzungumza na muuzaji.